Sebule ya Kanumba

Ukimtaja Steven Kanumba mbele ya watu watatu, wawili wataanzia usiku aliokufa. Kila mmoja ana habari zake za chumba alichofia, na zote alizipata kwa mtu aliyemjua mtu. Kazi ya miaka kumi imegeuzwa utangulizi wa msiba. Mimi nitaanzia Shinyanga, na kifo chake nitakipa aya moja, kwa sababu mwongozaji wa filamu hupimwa kwa alichokiweka mbele ya kamera na kwa namna alivyokifikisha kwa watu. Kwa kipimo hicho bado hatujamtendea haki.

Alizaliwa Shinyanga tarehe 8 Januari 1984, mtoto wa Charles Kanumba na Flora Mtegoa. Alisoma Shule ya Msingi Bugoyi, kisha sekondari akaianzia Mwadui. Anayelijua eneo lile anaelewa maana ya kusoma Mwadui. Mwaka 1940 Mkanada John Williamson aligundua almasi pale, na ndani ya uzio ukainuka mji uliojitegemea kwa nyumba, hospitali na kiwanja cha ndege. Mwaka 1947 ilitoka almasi ya rangi ya waridi, karati 54.5, ikaenda London kuwa zawadi ya harusi ya Elizabeth, aliyekuja kuwa malkia. Williamson alifariki mwaka 1958, na mwaka huohuo mgodi ukawa mali ya De Beers na serikali, nusu kwa nusu. Nje ya uzio, Maganzo, watu wakaendelea kuchekecha mchanga wakitafuta punje zilizosazwa. Kwa mtoto wa Shinyanga, utajiri haukuwa jambo la kusimuliwa na bibi. Ulikuwa na geti na mlinzi, na usiku taa zake zilionekana kutoka mbali. Geti hilo tutakutana nalo tena kwenye filamu zake.

Jambo la pili la Shinyanga ni ngoma. Usukumani, kiangazi kinapoingia na mavuno yamekwisha kuwekwa ghalani, vikundi viwili hupambanishwa, Bagika upande huu na Bagalu upande ule, kila kimoja na manju wake. Manju ndiye mtunzi, ndiye kinara wa waimbaji, ndiye mpangaji wa wachezaji, na mara nyingi kikundi ni chake. Ngoma zote mbili hupigwa kwa wakati mmoja, na waamuzi ni watazamaji wenyewe: wanakohamia ndiko kwenye ushindi. Kwa hiyo manju hawezi kungoja watu wamwelewe taratibu. Ataleta nyoka, atarusha majembe hewani, atavaa vazi ambalo halijawahi kuonekana, maana jirani yake hatua chache tu kutoka pale naye anazua lake. Nikiangalia jinsi Kanumba alivyofanya kazi Dar es Salaam, ninamwona manju. Alitunga, akaigiza, akaongoza, akamiliki kampuni, na siku zote alikuwa na kundi la pili la kushindana nalo.

Filamu yenyewe ilikuwa imefika nchini zamani, ila mikononi mwa wageni. Kati ya 1935 na 1937 Waingereza waliweka kambi Vugiri, milima ya Usambara, wakitengeneza picha za kuwafundisha Waafrika kilimo na afya, kisha wakazizungusha kwa lori. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya Afrika Kusini ikatengeneza Tanganyika filamu za Kiswahili kama Muhogo Mchungu, na nyota wake alikuwa mtumishi kijana wa serikali aitwaye Rashidi Kawawa, ndiye huyohuyo aliyekuja kuwa Waziri Mkuu. Mswahili alikuwa mbele ya kamera; nyuma ya kamera alisimama mtu mwingine. Baada ya Uhuru serikali ikaanzisha Tanzania Film Company mwaka 1968, na mwaka 1976 ikapitishwa sheria ya filamu na michezo ya kuigiza. Zikatoka kazi chache nzuri, Arusi ya Mariamu ya mwaka 1985 ikiwemo, zilizotazamwa zaidi kwenye matamasha kuliko Tinde au Kishapu. Kwa mwananchi wa kawaida, sinema iliendelea kuwa ya Kihindi, ya Kichina au ya Kimarekani.

Hata televisheni ilichelewa. Zanzibar walikuwa nayo, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bara ikangoja mpaka 1994, Kanumba akiwa na miaka kumi. Kizazi chake ndicho cha kwanza cha watoto wa Bara kukua huku wakimwona mtu anayeongea kama wao ndani ya lile boksi.

Kutoka Mwadui alihamia Dar es Salaam, akasoma Dar es Salaam Christian Seminary na baadaye Jitegemee. Mwaka 2002, akiwa na miaka 18, aliingia Kaole Sanaa Group, kundi lililokuwa likirusha michezo yake ITV. Tamthilia kama Jahazi, Dira na Gharika zilimpa sura yake kwa taifa. Kaole lilikuwa jando la waigizaji wa wakati ule. Mwigizaji hakupewa kurasa za maneno ya kukariri. Alielezwa kisa, akaelezwa yeye ni nani katika kisa hicho na mwisho wa tukio uweje, kisha kamera ikawashwa. Maneno alijitafutia mwenyewe. Anayelelewa hivyo hupata wepesi wa ulimi, na hupata pia tabia ya kurefusha: akipata machozi hataki kuyaacha yakauke. Filamu za Kanumba zina vyote viwili.

Kaole ndiko alikokuwa na Vincent Kigosi, Ray kwa jina la kazi, na Blandina Chagula, aliyeitwa Johari. Hawa watatu walivuka kutoka televisheni kwenda kwenye diski, na soko likawagawa mapema: kuna waliokuwa wa Kanumba na kuna waliokuwa wa Ray. Wakati mwingine waligombana magazetini, wakati mwingine waligawana filamu moja, kama walivyofanya kwenye Oprah ya mwaka 2008 wakiwa na Irene Uwoya. Msukuma aliyewatazama hakuhitaji kuelezwa. Huu ulikuwa ugika na ugalu umehamia Kinondoni.

Kabla ya Oprah kulikuwa na Lagos. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 diski za Nigeria zilikuwa zimejaa Kariakoo, na waigizaji wetu walizitazama kama fundi anavyotazama kazi ya fundi mwenzake. William Mtitu, kupitia kampuni yake ya Game First Quality, akaamua kwenda kwenye chimbuko: Dar 2 Lagos ikawaweka pamoja Watanzania na Wanigeria, Mercy Johnson akiwemo. Kanumba akapata kitu ambacho hakuna shule ya hapa ingempa wakati ule. Aliona kwamba nchi ya Kiafrika inaweza kuwa na nyota wake bila kumbi za sinema, bila ruzuku ya serikali na bila kuomba kibali cha tamasha la Ulaya. Kilichotakiwa ni kamera, nyumba ya kuazima, sura inayojulikana, na msambazaji.

Alirudi akaijenga sura hiyo kwa bidii. Kampuni yake aliiita Kanumba The Great, na jina hilo likapigwa kwenye kava juu ya picha yake ya suti. Wasomi walimcheka, kama walivyozicheka filamu zenye majina ya Kiingereza ilhali mazungumzo yote ni ya Kiswahili: Red Valentine, Village Pastor, Crazy Love, Moses, Uncle JJ, This Is It, Off Side. Kejeli zile zilikuwa na ukweli kuhusu Kiingereza na zilikosea kuhusu mnunuzi. Kava lilikuwa likimwambia mtu wa Kahama kwamba anachonunua kina hadhi sawa na kile cha Lagos kilicholala rafu ileile. Likishafunguliwa, ndani alikuta watu wa kwao.

Ndani alikuta nini hasa? Sebule. Gari linafika getini, mlinzi anafungua, gari linaingia polepole mpaka unaanza kuhesabu matairi. Mtu anashuka, anavua miwani. Tunaingia ndani: makochi makubwa ya ngozi, meza ya kioo, pazia zito, televisheni pana ambayo haijawashwa. Mke ameketi, au mama mkwe, au dada wa kazi amesimama na sinia. Halafu mtu anasema neno moja na nyumba nzima inaanza kupasuka. Ukimya, muziki wa kinanda, uso wa Kanumba kwa karibu, chozi. Katika filamu za miaka ile, robo tatu ya maisha ya Watanzania yanapita kati ya geti na sebule.

Wakosoaji waliliita jambo hili uvivu, na kwa kiasi lilikuwa bajeti: filamu ilipigwa kwa wiki moja au mbili, na nyumba moja ya kuazima ni rahisi kuliko kijiji kizima. Lakini naona kuna zaidi, na ili nieleweke nitatoka nje ya nchi kidogo, mpaka Seoul ya mwaka 1960.

Huko palikuwa na mwongozaji aitwaye Kim Ki-young, aliyezaliwa mwaka 1919, aliyesomea udaktari wa meno na ambaye mkewe, daktari wa meno pia, ndiye aliyekuwa akilipia sehemu ya filamu zake. Korea Kusini ilikuwa imetoka vitani mwaka 1953. Vijijini watu walikuwa wakimiminikia mjini, wasichana wakiingia viwandani na kwenye nyumba za watu kufanya kazi. Kim alitengeneza filamu iitwayo Hanyeo, yaani mtumishi wa ndani. Mwalimu wa muziki na mkewe wanajinyima, mke anashona cherehani usiku na mchana mpaka wanapata nyumba ya ghorofa moja. Nyumba ni kubwa, wanachukua msichana wa kazi. Ndani ya nyumba hiyo mna ngazi na mna chupa ya sumu ya panya, na kamera karibu haitoki nje mpaka familia isambaratike. Kim hakuwa mvivu. Alijua kwamba Mkorea wa mwaka 1960 aliota nyumba na wakati huohuo aliiogopa, hivyo akakifungia kisa humohumo.

Sinza na Mbezi za mwaka 2008 hazikuwa mbali na hapo. Watazamaji wa Kanumba walikuwa watu waliotoka kijijini juzi au waliokuwa na ndugu aliyetoka jana, na swali lililowakera lilikuwa lilelile: nani kapata nyumba ile, kaipataje, na kitamkuta nini? Kwa mtu wa ukanda wa Shinyanga na Geita swali hilo lina makali zaidi. Huku watu wamewahi kumwona jirani akilala maskini na kuamka tajiri, na wamezoea kuuliza alichotoa kafara. Imani hiyo ina upande wa kutisha. Mauaji ya watu wenye ualbino yaliyoitikisa Kanda ya Ziwa tangu 2007 yalifungamanishwa na waganga waliouza bahati kwa wachimbaji na wavuvi. Mwaka 2011 Kanumba alimleta Ramsey Nouah kutoka Nigeria kucheza naye Devil Kingdom, na jina la filamu peke yake linaonyesha kwamba alijua mazungumzo yaliyokuwa yakiendelea kwenye vijiwe.

Pale anapopungua mbele ya Kim ni kwenye ujasiri wa kumalizia. Kim aliiacha familia ile isambaratike, na hata alipoirejesha mwishoni kama kisa cha gazetini tu, aliirejesha kwa kicheko cha kejeli. Kanumba alipenda kusamehewa. Wahusika wake wanapiga magoti, mchungaji anafika, muziki unapanda, na mtazamaji anarudishiwa nyumba yake ikiwa salama. Filamu zake bora kwangu ni zile ambazo watoto walimnyima nafasi ya kulia. Uncle JJ na This Is It, za mwaka 2010, zilimweka pamoja na watoto wawili waliojulikana kwa majina ya Jennifer na Patrick. Mtoto hakuwa na adabu ya Kaole ya kumsubiri mwigizaji mkubwa amalize kuhuzunika. Anamkatiza, anamjibu, anamgeuzia mgongo, na kwa mara ya kwanza unamwona Kanumba akisikiliza.

Sasa twende kwenye benchi la watazamaji wake, machimboni. Mgodi mkubwa wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000 na wa Bulyanhulu mwaka 2001, lakini fedha iliyozunguka mitaani ilikuwa zaidi ya wachimbaji wadogo: Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu, Katoro. Fedha ya duara, yaani ya shimo la mchimbaji mdogo, ina tabia yake. Wiki tatu hakuna kitu, mnakula kwa mkopo kwa mama ntilie. Siku ya nne ya wiki ya nne mnatoa mawe, mnagawana mifuko, yanakwenda karasha kusagwa, yanaoshwa mwaloni, na kufika jioni mfukoni mna noti. Benki iko mbali na nyumbani ni mbali zaidi. Kuna bia, kuna nyama, na kuna kibanda cha video.

Kibanda chenyewe ni mabati au turubai juu ya miti, mabenchi ya mbao, televisheni imepandishwa juu kwenye rafu ili wa nyuma waone, na jenereta inanguruma nje mita chache. Mlangoni pana ubao wa chaki wenye saa na majina ya picha. Picha ya ng'ambo ilihitaji mtu wa kuifasiri, na palikuwa na mabingwa wa kazi hiyo. Sauti ya Lufufu, aliyeingiza maneno yake ya Kiswahili juu ya filamu za kigeni, ilijulikana kuliko ya mawaziri wengi. Filamu ya Kanumba haikuhitaji mfasiri. Watazamaji wenyewe walimjibu. "Usisaini, we mjinga!" mmoja anapiga kelele mwanamke anapoletewa karatasi. "Mwache, atajuta sehemu ya pili." Na kweli, sehemu ya pili ilikuwa diski nyingine, yenye bei yake. Filamu ilikatwa mahali pabaya kwa makusudi, na mwenye kibanda alijua kwamba asipokuwa na ya pili usiku huohuo, kibanda cha jirani kitakuwa nayo. Miguu ikihama, imehama.

Huu ndio mtandao uliomfanya Kanumba kuwa mkubwa Geita kabla Geita haijawa mkoa, jambo lililotokea mwaka 2012. Diski zilitoka Kariakoo, nyingi kupitia Steps Entertainment, zikapanda mabasi hadi Kahama na Mwanza, zikashuka kwenye maduka ya jumla, na siku chache baadaye nakala zilizochomwa zilikuwa zinauzwa kandokando ya zile halali. Zikavuka mpaka kwenda Kongo, Burundi na Rwanda bila yeye kuwapo.

Hapa ndipo Mwadui inaporudi. Kwa kawaida ya biashara ile, mtengenezaji alimkabidhi msambazaji masta na haki zote, akalipwa kwa mkupuo, basi. Diski zikiuzwa elfu au laki, hesabu hiyo haikumhusu tena. Mkupuo ulimwezesha kupiga filamu nyingine, ambayo nayo aliiuza hivyohivyo, na ndiyo maana alilazimika kutoa filamu mfululizo, nyingine zikiwa zimepikwa nusu. Kijana aliyesoma jirani na almasi zilizokwisha kuuzwa kabla hajazaliwa alifika mjini, akageuka yeye mwenyewe kuwa almasi, akauzwa kwa bei ya jumla. Hata Korea walipitia ubaya wa aina yao: sheria ya filamu ya 1962 ililazimisha kampuni ndogo kuungana na kutoa idadi maalumu ya filamu kila mwaka, na takataka nyingi zikatengenezwa ili kutimiza hesabu. Tofauti ni kwamba kule shinikizo lilitoka serikalini. Hapa lilitoka dukani, na stempu za kodi kwenye kazi za filamu na muziki zilianza kutumika Januari 2013, yeye akiwa tayari amelala makaburi ya Kinondoni.

Alifariki nyumbani kwake Sinza usiku wa kuamkia tarehe 7 Aprili 2012, wikiendi ya Pasaka, akiwa na miaka 28. Novemba 2017 Mahakama Kuu ilimtia hatiani mwigizaji Elizabeth Michael, Lulu, kwa kumuua bila kukusudia, ikampa kifungo cha miaka miwili. Rais Jakaya Kikwete alifika msibani, na kwenye viwanja vya Leaders siku ya kuagwa, tarehe 10 Aprili, alikuwapo Makamu wa Rais Mohamed Gharib Bilal. Watu walikuwa maelfu kwa maelfu, wengine wakazimia kwa msongamano na joto. Serikali iligundua siku ile ukubwa wa umati aliokuwa ameukusanya.

Kilichobaki ni diski. Hanyeo ya Kim Ki-young nayo iliponea chupuchupu: hasi yake ilipungukiwa mizingo miwili, ambayo ilipatikana mwaka 1990 kwenye nakala iliyoandikwa tafsiri kwa mkono juu ya picha, na hifadhi ya filamu ya Korea ikaikarabati na kuikamilisha mwaka 2008. Ukiitazama leo unaona dhahiri pale mizingo hiyo inapoingia, kwa sababu picha inachafuka. Wakorea hawakuona aibu kuionyesha hivyo. Filamu za Kanumba nyingi ziko YouTube, zimepandishwa na watu wasiohusika, nyingine zimekatwa mwanzo, nyingine zimebandikwa nembo ya mtu juu ya uso wa mwigizaji, sauti ikitangulia mdomo.

Vibanda vya machimboni vimepungua, simu imevila. Ila wenye maduka hawatupi mali ovyo, na maduka yaliyouza diski Kahama, Katoro na Geita mjini sasa yanauza chaja na vioo vya simu. Ningepewa mimi kazi ya kukusanya filamu za Kanumba kwa ajili ya hifadhi ya taifa, nisingeanzia Kariakoo. Ningeanzia Katoro, nikiomba kufunguliwa maboksi ya nyuma ya kaunta, na ningekwenda na fedha taslimu, sehemu ya kwanza na ya pili.